Makofi ya Krismasi

Watu wakisikia kwamba babu yangu alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka Bulgaria, kwanza wanacheka, halafu wananikagua nywele kuona kama mimi ni chotara. Siyo. Mimi ni Mchagga wa Kirua Vunjo kuanzia kisigino mpaka kisogo. Yule mzee alikuwa mume wa shangazi yake baba. Babu yangu wa damu alifariki kabla sijazaliwa, nafasi ikawa wazi, na yeye akaja akaikalia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, basi, akawa babu.

Shangazi yake baba, ambaye mimi nilimwita bibi, alipelekwa Bulgaria kusomea uuguzi akiwa msichana, enzi zile vijana wetu walipokuwa wakipelekwa nchi kama hizo. Akamaliza masomo, akapata kazi, akaolewa hukohuko. Alirudi mzee na mgonjwa, na nyuma yake akashuka kwenye gari mzungu mrefu mwembamba, nyusi kama ndevu za mahindi, amebeba mikoba miwili na mto wa kulalia wa mke wake. Mama anasema bibi alimwambia kule kwao, “Nimekufuata kwenye baridi lako maisha yangu yote, sasa na wewe nifuate kwenye migomba yangu.” Akamfuata.

Walikaa kwenye nyumba ndogo upande wa juu wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, karibu na mfereji. Hawakuwa na mtoto. Baada ya muda bibi akafariki, akazikwa pale pale nyuma ya nyumba ya baba, jirani na wazazi wake. Hapo kuna jambo la kueleza. Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume wake, kwenye kihamba cha mume wake. Lakini kihamba cha huyu mume kilikuwa wapi? Kwenye theluji, ng'ambo ya dunia. Ukoo ukakubali arudi kwa baba yake. Hakuna aliyeuliza siku ile mume mwenyewe atalala wapi. Nadhani wote walijua atapanda ndege arudi kwao.

Hakupanda. Alibaki na ng'ombe mmoja na ombi moja. Hilo ombi hakumficha mtu. Alimwambia mama, alimwambia mchungaji, alimwambia kijana anayepita kukusanya maziwa.

“Pale,” ananyoosha fimbo, “kati ya bibi yako na mparachichi. Mimi ni mwembamba. Nitatosha.”

Mimi nafanya kazi ya cherehani Njoro, mjini Moshi. Shule niliishia kidato cha nne, na sisemi niliishia vizuri. Lakini nina ndoto kubwa kuliko chumba changu. Mimi na wasichana wenzangu pale kwa fundi huwa tunarekodi vichekesho kwa simu: mimi nakuwa mama mkwe, mwenzangu anakuwa mke mwenye kiburi, tunarusha mtandaoni, watu wanacheka. Jumamosi jioni nilikuwa napanda nyumbani, na kabla hata sijaingia jikoni kwa mama, nakwenda kumwonyesha babu kazi ya wiki ile.

Anaangalia simu kwa mbali, mkono umenyooshwa, kama mtu anayesoma dawa.

“Hapa unalia,” anasema.

“Ndiyo babu. Si vizuri?”

“Unalia kwa uso. Uso ni mwongo, mjukuu wangu, kila mtu anajua. Geuka. Lia kwa mgongo.”

Nikageuka, nikalia kwa mgongo mbele ya ng'ombe. Akasema ng'ombe ameacha kula, ni dalili nzuri.

Kiswahili chake alifundishwa na bibi jikoni kwao, kwa hiyo kilikuwa na lafudhi ya Kichagga zaidi kuliko changu. Mambo mengine ya kwetu aliyajua vizuri kabisa, mengine aliyachanganya na ya kwao. Kwa mfano, kule Bulgaria mtu akifa wanabandika karatasi yenye picha yake mlangoni, kwenye nguzo, hata kwenye miti, na mwaka ukizunguka wanabandika nyingine, ya kumbukumbu. Mwaka wa kwanza wa bibi ulipotimia, babu akashuka mjini akachapisha picha, akabandika getini, akabandika njia panda, akabandika ukutani mwa duka. Asubuhi ile ile akina mama wakaanza kuingia kwetu na mikungu ya ndizi kichwani, kuni, vidumu vya maziwa, wanalia kuanzia barabarani. Mama yangu akatoka jikoni na mwiko.

“Jamani, nani tena?”

“Unatuuliza sisi? Si nyie mmebandika!”

“Mmebandika nini?”

Wakamwonyesha. Mama akashika kiuno. “Huyu? Huyu si yule yule wa mwaka jana!”

Mama mmoja akautua mkungu wake polepole, akasema, “Sasa mimi huu mkungu niurudishe? Nimeulilia kutoka kanisani mpaka hapa.”

Haukurudishwa. Wakawasha moto, wakapika mtori, wakala wote. Babu alisimama mlangoni kwake anawaangalia, machozi yanamtoka, kwa sababu aliona kijiji kizima kimekuja kumkumbuka mke wake bila kualikwa. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia ukweli. Mpaka leo mimi nasema labda ukweli wake ndio uliokuwa ukweli.

Habari za kazi yake alinisimulia kidogo kidogo wakati wa kukamua. Alizaliwa mji mdogo wa milimani, baba yake mwoka mikate. Akiwa kijana aliona watu wa maigizo waliopita mjini kwao na basi, na mkate wa baba yake ukaungua siku hiyo kwa sababu aliyetakiwa kuuangalia alikuwa amekaa safu ya mbele. Chuo cha uigizaji walimkataa mara ya kwanza kwa ajili ya masikio yake. Akarudi tena, na masikio yake yale yale, wakamchukua. Alipomaliza wakampangia ukumbi wa maigizo wa mji mmoja kando ya mto Danubi, na huko akaanza kama tarishi. Anaingia jukwaani, anasema, “Bwana, wamefika,” anatoka.

“Nilisema ‘wamefika’ misimu mingi sana,” aliniambia. “Na hawakuchelewa hata siku moja.”

Kiangazi walizunguka vijijini. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori, au meza za shule zimefungwa pamoja. Bibi vizee walimpigia kelele shujaa, “Usinywe, mwanangu, wametia sumu!” Babu alisema hao ndio watazamaji aliowapenda kuliko wa mji mkuu, maana wao walikuja kusaidia.

Filamu ya kwanza alikuwa askari anayepigwa risasi mwanzoni kabisa, kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Mwongozaji akapenda alivyoanguka. Habari zikaenea, na tangu hapo kila aliyehitaji mtu wa kufa alimwita yeye. Akafa askari, akafa mwizi wa farasi, akafa maji, akafa kwa kuanguka paani kwenye harusi.

“Siri ni nini, babu?”

“Usiife ile risasi. Risasi haina maana. Kufa kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani.”

Na bibi alimpatia hapo hapo, kwenye kufa. Kulikuwa na filamu ya bandari, wakahitaji Waafrika wa kusimama gatini, wakaenda kuwachukua wanafunzi. Bibi akapewa kikapu. Babu alikuwa nahodha, anapigwa risasi, anaanguka miguuni pa msichana mwenye kikapu. Akaanguka. Msichana akacheka. Wakarudia, akaanguka, msichana akacheka zaidi. Mwongozaji akafoka, akamuuliza kuna nini cha kuchekesha. Bibi akajibu kwa Kibulgaria chake kibovu cha wakati ule, “Anakufa kama mbuzi wetu wa Krismasi.” Jioni babu akamfuata mpaka bwenini kumuuliza huyo mbuzi anakufaje hasa.

Mara moja tu, mara moja katika maisha yake, alipewa kuwa mtu mkuu. Alikuwa mwalimu aliyefiwa na mke, anayeendelea kuandaa sahani mbili mezani. Majira yote ya baridi yale watu walimsimamisha barabarani, wanawake wakampa maua. Alifikiri sasa ndiyo imeanza, kumbe ndiyo ilikuwa imekwisha. Mambo ya nchi yao yakabadilika, studio zikanyamaza, ukumbini hakukuwa na moto wa kupasha, watazamaji wakawa wanakaa na makoti na kuna siku wale wa jukwaani waliwazidi wale wa vitini. Akaishia chumba kidogo cha kuingiza sauti. Tamthilia zinakuja kutoka nje, yeye anawasemea wazee wote kwa Kibulgaria: baba tajiri, baba mlevi, padri, hakimu. Dukani mwanamke wa jibini alimwomba aseme neno lolote, akafumba macho kusikiliza. Akifumbua anaona mzee asiyemjua.

“Uso walishausahau,” babu alisema, akaendelea kukamua. “Haidhuru. Mke wangu alinijua pande zote mbili.”

Basi, huyo ndiye aliyekuwa anaomba mahali pa kulala kati ya kaburi na mparachichi.

Kihamba ni cha baba yangu, maana yeye ndiye kitinda mimba, na kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Ila kuwa na nyumba siyo kuwa na neno. Neno la ukoo liko kwa baba mkubwa, kaka yake, anayeishi Arusha. Baba ni mtu mpole, akikasirika anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Alishamuuliza kaka yake habari ya babu kwa simu, na kaka yake akajibu, “Tutaongea.” Huku kwetu ukiambiwa tutaongea, ujue mlango umefungwa kwa adabu.

Babu akaamua kwamba Krismasi, ukoo wote ukiwa umepanda, ataomba mwenyewe, na ataomba kwa desturi. Jirani alikuwa amemweleza juu ya isale. Hili ni jani la ule mmea tunaopanda mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hata kama kosa ni zito, hawezi kukukataa. Babu alisema kosa lake ni kubwa na la zamani: alimchukua binti wa kihamba hiki bila kuja kubisha hodi, akamkalisha mbali mpaka wazazi wake wakafa hawajamwona. Ataomba msamaha wa hilo kwanza, halafu ataomba nafasi.

Lilikuwa wazo zuri. Ila isale halipelekwi na mkosaji mwenyewe. Unamtuma mtu mzima, anayeheshimika pande zote mbili, wewe unakaa kwako kichwa chini unasubiri. Hilo hakuna aliyemwambia. Siyo kwa ubaya. Ni kitu ambacho sisi tunacho mwilini, hatukumbuki kama mtu anaweza kuwa hakijui, kama ambavyo humwambii mgeni kwamba kiatu kinavaliwa mguuni.

Krismasi ilifika na magari yakajaa mpaka barabarani. Mbuzi wamechinjwa, mbege ya ndizi ipo, soda zipo kwa walokole, watoto wa Dar wanakimbia na viatu vipya kwenye tope. Baba mkubwa amekaa katikati anagawa nyama, maana kwetu nyama haigawiwi ovyo, kila mtu ana kipande chake kulingana na alivyo katika ukoo. Ndipo babu akashuka kutoka nyumba ya juu. Suti nyeusi, shati jeupe, nywele amezilowesha na kuzichana. Mikononi ameshika isale limefungwa fundo.

Akasimama mahali ambapo kila mtu anamwona. Hakuchagua kwa hila, nafikiri miguu yake tu ilijua. Akasubiri kelele zitulie. Akaanza, “Shimbonyi,” salamu ya kwetu, na kuanzia hapo akaendelea kwa Kichagga kitupu.

Nilikuwa nimemsikia akijifunza maneno yale zizini, lakini zizini alikuwa anayanong'ona. Hapa sauti ilitoka tumboni, ikafika mpaka kwa wapika ndizi nyuma ya nyumba, wakaja na masufuria mikononi. Alisema alimkuta binti yenu amebeba kikapu. Alisema hakujua kwamba msichana akiwa peke yake gatini nyuma yake kuna mlima mzima umesimama. Alisema wazazi walikufa wakitazama njia, na aliyeiziba njia ni yeye. Alipofika hapo akageuka kidogo kuelekea makaburini, tukauona mgongo wake tu, na jamani, ule mgongo. Shangazi yangu mmoja akaanza kufuta macho na kanga.

Lakini watoto walikuwa wanacheka kwa furaha, mzungu anaongea Kichagga kama bibi wa sokoni! Simu zikainuliwa. “Rekodi, rekodi! Mzee ni noma!” Binamu yangu akasogea mbele apate picha nzuri. Babu akamaliza, akapiga goti, akalinyoosha isale kwa mikono miwili.

Wakapiga makofi.

Makofi yale hayakuwa ya dhihaka. Watu walikuwa wamefurahi kweli, wameshiba, wamewaona wenzao, na mbele yao mtu amefanya jambo zuri kwa ustadi. Walipiga makofi na vigelegele. Na babu akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama.

Nilimwona usoni alipoinuka. Alikuwa ameshajua kwamba wameliona igizo.

“Aika, mbe! Aika!” baba mkubwa akashukuru kwa Kichagga, naye anapiga makofi. “Mzee bado uko vizuri! Mpeni kiti!” Akakata nyama akampa, kipande anachopewa mgeni. Isale likawekwa mezani kati ya chupa za soda. Baba yangu akainuka akaenda kukata majani.

Kesho yake nikamfuata baba mkubwa kabla hajaondoka. Alikuwa anaosha kioo cha gari.

“Shikamoo baba mkubwa.”

“Marahaba, nyota wa filamu. Nimeona vichekesho vyako. Mama mkwe yule umemtoa wapi, kwa mke wangu?”

“Baba mkubwa, babu jana hakuwa anaigiza.”

Akaacha kuosha. Siyo mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ndiye aliyenilipia cherehani yangu ya kwanza.

“We mtoto, sikiliza. Unamjua yule mzee wa chini ya barabara, aliyepunguziwa kihamba? Baba yake alimhurumia mkwe, akamzika kwake. Wajukuu wa yule mkwe wakaja na wakili: hapa amelala babu yetu. Kaburi ni mpaka, mwanangu. Ukishalichimba, limekaa.”

“Babu hana mtoto.”

“Ana ndugu. Harufu ya ardhi kila mtu inampata.”

“Lakini ameleta isale.”

“Amelileta mwenyewe! Umeona wapi?” Akakamua kitambaa. “Na mimi nilitaka kumwamini, sitakudanganya. Pale alipogeuka kuelekea makaburini, moyo ulinishuka. Nikasema huyu anasema kweli. Halafu akainama. Mtu anayeomba kaburi hashukuru makofi.”

Nikamuaga.

Babu nilimkuta ameketi kando ya mfereji na suruali ile ile ya suti, amekunja miguu. Nilikaa karibu naye.

“Wanasema niliinama,” akasema mwenyewe.

“Ndiyo, babu.”

“Ni mgongo. Makofi yakija, unajikunja wenyewe. Hata siku ya maziko ya mama yangu, kuna mlango ulijibamiza kwa upepo, nikataka kuinama.” Akatupa jani majini, likaenda. “Kazi yangu ilikuwa watu waamini. Nimewaaminisha watu kwamba mimi ni mwizi wa farasi. Farasi mwenyewe nilimwogopa.”

Nilicheka, nikiwa nalia. Nikamwambia mwakani tutamtuma mchungaji apeleke isale vizuri, kwa taratibu. Akasema sawa, mwakani. Alinipigapiga begani kama mimi ndiye niliyenyimwa.

Masika yalipoanza akashikwa na kifua. Baba alimpeleka hospitali, wakampa dawa, akarudi, akawa anakaa mlangoni na blanketi anaangalia mvua. Asubuhi moja mama alimpelekea uji akakuta amekwenda. Nilipigiwa simu Njoro, nikaliacha gauni la watu nusu kwenye mashine.

Nilipofika juu nilikuta baba anachimba. Hakuwa amempigia kaka yake. Hakuwa amemwuliza mtu. Alichukua jembe na sururu, akaenda kati ya bibi na mparachichi, akaanza, na vijana wa jirani walipomwona wakajua huo ndio uamuzi wa ukoo, wakamsaidia. Udongo wa masika ni laini. Nilipomwamkia aliitika bila kuinua kichwa, na shimo lilikuwa limemfika kifuani.

“Baba, baba mkubwa anasemaje?”

“Akija atakuta kimekwisha.”

Ndivyo alivyotegemea. Mtu mpole akishika jambo hudhani dunia nzima itampisha. Lakini mama alikuwa ameshapiga simu, kwa sababu msiba ni msiba na kaka mkubwa lazima ajue, na baba mkubwa akafika kabla jeneza halijaletwa kutoka mjini. Wazee wakakaa sebuleni. Mchungaji akaingia akaomba, akatoka anatikisa kichwa. Tuliokuwa nje tulisikia sauti ya baba mara moja tu, “Nimeshachimba, kaka!” Kisha ya baba mkubwa, chini, nzito, kwa muda mrefu.

Ikaamuliwa makaburi ya mjini. Watu wa kwetu wakisikia mtu amezikwa makaburi ya mjini hushika mdomo, maana huko huzikwa asiye na kwao.

Sasa pakabaki shimo. Kaburi likishachimbwa haliwezi kulala wazi, linaita mtu mwingine wa nyumba ile. Haya hayamo kwenye Biblia, lakini hata mchungaji hakubisha, alitazama pembeni. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyetamka. “Kateni mgomba.”

Baba akaukata. Alichagua mzuri, mrefu, mnene kidogo tu kuliko babu. Akautenganisha na kitako chake ili usije ukaota. Wakaushusha taratibu kwa kamba za katani kama ilivyo desturi, vijana wawili huku na wawili kule, maji ya mgomba yanachuruzika kwenye mikono yao. Mama akaanza wimbo wa kanisani kwa mazoea, akafika katikati ya mstari, akanyamaza. Tulitupia udongo. Mimi nilitupia. Ulilia tofauti na jeneza, ulilia kama kitu chenye maji. Baba mkubwa alisimama kofia mkononi mpaka mwisho.

Halafu tukashuka Moshi na jeneza. Baba hakuja. Alisema ng'ombe wa mzee hajakamuliwa.

Kule chini jua lilikuwa kali, mvua haijafika. Wachimbaji walikuwa vijana wasiotujua, wanatuuliza kama tumekamilika. Mchungaji akauliza nani atasema habari za marehemu, watu wakatazamana, wakanitazama mimi. Nikasema alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kwa maisha yake yote. Nikasema ya tarishi, ya lori, ya mwalimu mwenye sahani mbili. Nilisema harakaharaka na vibaya, nikijikwaa. Nilipomaliza mchimbaji mmoja akaniuliza, kwa heshima kabisa, ni filamu gani hizo, tunaweza kuziona wapi. Nikamwambia sijui. Sijawahi kuona hata moja.

Nilirudi juu jioni ileile. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya babu na ndoo ya maziwa, mikono bado ina utomvu wa mgomba, ule usiotoka kwa sabuni.

“Mmemlaza vizuri?”

“Vizuri, baba.”

“Udongo wa kule ukoje?”

“Mkavu. Una mawe.”

Akatikisa kichwa. “Kuna kivuli?”

“Kuna mwarobaini, lakini uko mbali kidogo.”

“Mgomba je? Hakuna hata mmoja?”

“Hakuna, baba. Kule haukubali.”

Akasukuma ndoo na mguu isimwagike.

“Alikuwa haliwezi jua,” akasema.